Sifa za Ushujaa Hazimponyi Mgonjwa wa Dharura

Kila linapotokea janga kubwa nchini mwetu, hufuata mambo matatu kwa mpangilio uleule. Kwanza hutolewa salamu za rambirambi. Pili, viongozi huzuru hospitali wakiandamana na kamera, huwapa pole majeruhi na kuwapongeza madaktari na wauguzi kwa moyo wao wa kizalendo. Tatu, huundwa kamati. Baada ya wiki mbili kila mtu amerejea katika shughuli zake, nao waliopongezwa wamebaki na zamu zilezile, uhaba uleule na hofu ileile.

Makala haya ni pingamizi dhidi ya hilo jambo la pili. Nadai kwamba sifa tunazowamwagia madaktari wa dharura zimegeuka kuwa malipo ya ukimya wao, na kwamba ukimya huo unagharimu maisha ya watu ambao majina yao hayatatajwa katika taarifa yoyote ya habari.

Nianze na tukio ambalo shujaa wake hakuwa daktari. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Kumi na tisa walifariki dunia. Waliowahi kufika pale ni wavuvi, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, aliingia katika historia akisifiwa kuwa alivunja mlango wa ndege kwa kasia. Alipewa shilingi milioni 1, kisha ikaagizwa apewe ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na zaidi ya hapo. Lakini katika shangwe ile wachache walithubutu kuuliza swali la kiungwana: kwa nini uokoaji wa ndege ya abiria, mita chache kutoka nchi kavu, ulitegemea kasia la mvuvi? Tulimsifu mtu ili tusiulizane habari za mfumo. Ushujaa wake ulikuwa wa kweli, na wakati huohuo ulikuwa ushahidi dhidi yetu.

Kinachotokea kila usiku katika milango ya hospitali zetu ni Bukoba ndogondogo zisizo na kamera. Nimeishuhudia moja.

Miaka michache iliyopita, usiku wa Jumamosi, nilipigiwa simu kwamba mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu amepata ajali ya bodaboda. Nilifika katika hospitali moja ya wilaya nikamkuta amelazwa ndani ya jengo jipya, limepakwa rangi likapendeza, na juu ya mlango yamesimama maandishi makubwa: EMD. Kijana alikuwa akihema kwa shida na midomo imeanza kubadilika rangi. Aliyekuwa zamu alikuwa daktari mmoja, kwa kumtazama hakuzidi miaka 28, pamoja na muuguzi mmoja. Kitanda cha pili kilikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba. Cha tatu kilikuwa na mtoto wa degedege.

“Shikamoo, mwalimu. Naomba usubiri pale nje kidogo,” aliniambia yule daktari.

Sikwenda mbali, na mlango haukufungwa. Nilimsikia akimpigia simu mkubwa wake. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akampigia mtu mwingine, akaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi.

“Kaka, samahani kwa usiku huu. Nina majeruhi wa ajali. Upande wa kulia hewa haiingii, presha inashuka.”

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu aliyeamshwa usingizini, lakini haikuwa na papara. “Hewa imenaswa kifuani. Itoe sasa hivi, usisubiri eksirei. Umewahi kufanya?”

“Nimeona mara mbili.”

“Basi leo unafanya. Niko na wewe, usikate simu.”

Hazikupita dakika nyingi nikasikia kijana wangu akikohoa, kisha akimwita mama yake. Alfajiri, tulipokuwa tukinywa chai ya kibandani nje ya geti, nilimuuliza daktari yule kaka yake ni nani. Akaniambia hawana undugu wa damu. Walisoma chuo kimoja, mwenzake alimtangulia mwaka, na sasa anasomea ubingwa wa tiba ya dharura Dar es Salaam. Nikamuuliza swali la pili: je, habari ya kuachwa peke yake usiku na wagonjwa watatu mahututi amewahi kuwaandikia wakubwa wake? Akacheka.

“Mwalimu, niandike nionekane mchochezi? Mimi nina mkataba wa mwaka mmoja.”

Nimeyatafakari majibu yale mawili tangu siku hiyo, na naamini yamebeba tatizo zima. Jengo lilikuwapo, na sindano ilikuwapo. Alichokikosa daktari yule ni vitu viwili ambavyo haviwekewi jiwe la msingi: mkubwa wa taaluma anayepokea simu, na chombo kinachomlinda anaposema ukweli. Cha kwanza nakiita ulezi wa kitaaluma. Cha pili ni utetezi. Usiku ule pengo la kwanza lilizibwa na urafiki. Pengo la pili halikuzibwa na mtu. Na je, kama yule rafiki angekuwa amezima simu?

Hebu tuitazame historia, maana taaluma hii nchini kwetu ni changa na asili yake inafundisha. Kwa miaka mingi hospitali zetu zilikuwa na mapokezi, mahali pa kupangia wagonjwa foleni, wala si idara yenye wataalamu waliosomea kuokoa maisha katika saa za mwanzo. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua Idara ya Magonjwa ya Dharura kwa ushirikiano na wafadhili, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Walimu wa mwanzo wengi walitoka nje, kwa sababu ndani hawakuwapo. Wahitimu wa kwanza walipatikana mwaka 2013, na baadhi yao wakageuka kuwa walimu wa waliowafuata. Hivyo ndivyo taaluma inavyozaliwa: mtu anamshika mkono mtu, naye anamshika mwingine. Chama chao, EMAT, kipo. Bara zima lina shirikisho lao, AFEM, tangu mwaka 2009. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na washirika wake lilichapisha kozi fupi ya huduma ya msingi ya dharura kwa wahudumu wasio mabingwa, nayo ilikuwa imejaribiwa kwanza Tanzania, Uganda na Zambia. Kwa hiyo asije mtu akasema hatujui la kufanya. Tulikuwa miongoni mwa waliowafundisha wengine.

Kisha tukafika mwaka 2021. Serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takribani shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Siwezi kuyabeza majengo hayo. Mwanafunzi wangu alipona ndani ya jengo la namna hiyo. Ila jengo lina tabia ya kumdanganya mjenzi wake. Likishazinduliwa na utepe ukakatwa, huhesabiwa kuwa huduma imefika. Ripoti huandika idadi ya majengo. Hakuna safu ya kuandika kwamba usiku wa manane, daktari aliyemo ndani yake akikwama, ana mtu wa kumuuliza au hana.

Hapa ndipo ulezi unapoingia, na sharti nianze kwa kujishutumu mimi na wenzangu wa vyuoni. Tumelea utamaduni wa kuogopwa na kuuita heshima. Tunamzomea mwanafunzi mbele ya wenzake tukidhani tunamkomaza. Katika wodi za kufundishia, kama nilivyosimuliwa na madaktari wengi niliowafundisha masomo ya jamii na maadili, daktari tarajali akiuliza swali mbele ya mgonjwa anaweza kuambiwa kuwa amepita chuo bila chuo kumpita. Mtu aliyelelewa hivyo atajifunza kutouliza. Katika fani nyingine kutouliza kunaweza kumharibia mtu alama. Katika tiba ya dharura kunamuua mgonjwa, kwa sababu muda wa kwenda kusoma kitabu haupo.

Ulezi ninaousema si hotuba ya mara moja kwa mwaka wala picha ya pamoja hotelini. Nakusudia mambo yanayoweza kupangwa na kukaguliwa. Kila jengo la dharura la wilaya lifungamanishwe na daktari bingwa wa dharura anayejulikana kwa jina, mwenye zamu ya simu inayolipwa, awe mkoani au Dar es Salaam. Kila mwezi kifanyike kikao cha kupitia vifo na vile vilivyonusurika kuwa vifo, na kanuni yake iwe kutafuta kilichoharibika kabla ya kumtafuta aliyeharibu. Kila daktari mgeni wa idara hiyo akae zamu zake za mwanzo na mtu aliyemtangulia. Wauguzi na matabibu waingizwe katika ulezi huohuo, kwa sababu katika vituo vingi wao ndio wanaompokea mgonjwa kwanza, na baadhi yao wana uzoefu unaomzidi daktari kijana kwa miaka 15. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa trilioni.

Ulezi una kazi nyingine isiyozungumzwa sana. Daktari wa dharura huona kifo cha ghafla mara nyingi kuliko wenzake wa fani nyingine, aghalabu cha mtoto au kijana, kisha baada ya dakika tano anatakiwa amtabasamie mgonjwa anayefuata. Sisi Waswahili tunajua kwamba msiba haubebwi na mtu mmoja; ndiyo maana tunaweka matanga. Lakini daktari wa zamu ya usiku tumemwachia abebe misiba mitatu kwa usiku mmoja, peke yake, na asubuhi tukampa jina la shujaa. Jina hilo humnyima hata ruhusa ya kusema kwamba amechoka, kwani shujaa hachoki. Wenzake wa taaluma ndio matanga yake. Wasipokuwapo, ataondoka: ataenda kwenye utawala, kwenye miradi, au ng'ambo. Tutamwita msaliti, tukisahau kwamba sisi ndio tuliomwacha.

Sasa nigeukie utetezi, jambo linaloogopesha zaidi. Wapo wanaosema daktari kazi yake ni kutibu, mambo ya sera awaachie wanasiasa. Hoja hiyo ingesimama kama magonjwa yangeanzia mlangoni mwa hospitali. Daktari wa dharura ndiye mtumishi pekee wa umma anayeyaona makosa yetu yote yakiingia kwa machela. Barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu humfikia yeye. Bodaboda iliyobeba watu wanne bila kofia humfikia yeye. Lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, likawaka moto na kuua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamelizunguka, liliwafikia yeye na wenzake. Ana maarifa ambayo wizara haina, polisi hawana, na sisi wahadhiri hatuna. Kumwambia anyamaze ni sawa na kumwajiri mlinzi kisha ukamkataza kupiga kelele.

Chukueni mfano wa fomu ya polisi namba 3, PF3. Majeruhi wa ajali au wa kipigo ameambiwa kwa miaka mingi apitie kituo cha polisi kwanza. Viongozi wamewahi kutamka hadharani kwamba matibabu yatangulie na fomu ifuate. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida bado anaamini kwamba bila karatasi ile hatapokewa, na wapo wanaompeleka ndugu yao kituoni huku damu inachuruzika. Nani anaweza kuwaeleza Watanzania, kwa takwimu, kwamba imani hiyo inaua? Ni daktari anayempokea majeruhi aliyechelewa. Akiandika peke yake, ni mchochezi. Wakiandika wote kupitia chama chao, kila mwaka, kwa hesabu zinazofanana kutoka kila mkoa, hiyo ni taarifa ya kitaalamu ambayo waziri hawezi kuipuuza bila kuonekana.

Kwamba dola husikia inaposemewa kwa mpangilio, tunao ushahidi hapa nyumbani. Kwa muda mrefu wanaharakati, wakunga na watafiti walipaza sauti juu ya vifo vya kina mama wajawazito. Leo tuna mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao mama au jirani yake hupiga namba 115 bila malipo, na pasipo na gari la wagonjwa hutumwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Ni mfumo wa heshima. Nauliza tu: nani anamsemea kwa nguvu ileile mzee aliyepata kiharusi Namtumbo, au mtoto mwenye nimonia Kibondo, au dereva wa bodaboda aliyevunjika paja Mbagala? Kina mama walipata wasemaji. Wagonjwa wengine wa dharura hawana msemaji wa asili zaidi ya madaktari wanaowapokea.

Jirani zetu Wakenya wanatuonya tusidhani kwamba sheria pekee inatosha. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni maneno ambayo ningependa kuyaona katika katiba yetu. Lakini mwaka 2015 kijana mmoja aliyegongwa na gari alikaa takribani saa 18 ndani ya gari la wagonjwa mjini Nairobi, akizungushwa kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafa. Haki ilikuwa imeandikwa tayari. Kilichopungua ni mfumo wa kuitekeleza, na watu wenye nafasi na ulinzi wa kusema kila siku kwamba haitekelezwi.

Namna ya kusema nayo ina elimu yake. Miaka ya 1980 madaktari wa Cook County Hospital, hospitali ya umma mjini Chicago, walichoka kupokea wagonjwa waliosukumwa kwao na hospitali nyingine kwa kuwa hawakuwa na bima. Waliamua kuwahesabu. Mwaka 1986 walichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi wa wagonjwa 467 waliohamishiwa kwao, wakaonyesha kwamba karibu tisa kati ya kila kumi walihamishwa kwa kukosa bima. Mwaka huohuo Rais Reagan alitia saini sheria inayozilazimu hospitali zilizo katika mpango wa bima wa Medicare kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kujali uwezo wake wa kulipa. Sidai kwamba makala moja ilizaa sheria; magazeti, wanasheria na wabunge walifanya sehemu yao. Nadai kwamba bila hesabu ile wangekuwa wanabishana juu ya hisia. Daftari la mapokezi, likishikwa na watu wenye umoja, ni silaha ya raia.

Najua kwa nini madaktari wetu wanasita. Hawajasahau mwaka 2012. Katika mgomo wa mwaka ule, kiongozi wa madaktari, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa usiku mwezi Juni, akateswa na kutupwa katika msitu wa Mabwepande. Madaktari vijana wa leo walikuwa sekondari wakati huo, lakini habari ile wameirithi kama onyo. Mtu akikuambia kwamba madaktari wetu hawana uthubutu, mkumbushe. Woga wao una historia, na tiba ya woga wenye historia ni ulinzi wa pamoja, si mawaidha ya ujasiri.

Nijibu sasa pingamizi mbili ambazo nimekwisha kuzisikia. Ya kwanza inasema nchi ni maskini, tununue kwanza vifaa, mambo ya vyama na ulezi ni anasa. Ningependa mwenye hoja hiyo aende katika stoo za hospitali zetu atazame mashine zilizofunikwa vitambaa kwa sababu aliyefundishwa kuzitumia alihamishwa. Kifaa bila jumuiya ya watu wanaofundishana ni samani. Umaskini wetu hasa ndio unaotulazimisha kuwalea vizuri wachache tulio nao.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kwamba vyama vya kitaaluma nchini vimegeuka kuwa vilabu vya posho, mikutano ya hotelini na kugombea uenyekiti. Hapo nakubali kwa sehemu kubwa, na wahadhiri nasi hatuna usafi wa kuwacheka madaktari. Lakini chombo kibovu hutengenezwa. Chama cha madaktari wa dharura kikitaka kuaminiwa, kipimwe kwa maswali rahisi. Mwaka huu kimewaweka madaktari wangapi wa wilaya chini ya mlezi anayepokea simu? Kimechapisha hesabu gani ambayo serikali isingependa kuisoma? Mwanachama wake aliyeadhibiwa kwa kusema ukweli wa kitaalamu alisimamiwa na nani? Chama kisicho na majibu hakistahili ada. Chenye majibu kinastahili ulinzi wetu sote.

Kwenu wanafunzi wa udaktari: msisubiri kualikwa. Marekani, madaktari waliokuwa bado masomoni katika fani hii waliunda chama chao mwaka 1974, miaka mitano kabla fani yenyewe haijatambuliwa rasmi kuwa ubingwa. Anzeni na lile alilofanya yule kaka wa usiku ule: pokea simu ya aliye nyuma yako, hata kama umelala.

Kwenu wanaharakati: mnapodai bima na dawa, ongezeni dai la daktari wa dharura kulindwa anaporipoti upungufu. Msimtumie kama chanzo cha siri cha habari zenu kisha mkamwacha alipe gharama peke yake.

Nanyi watumishi wa umma, ambao najua mnanisoma kimyakimya: idadi ya watu waliokufa wakisubiri huduma si siri ya serikali. Ni taarifa ambayo serikali makini huitafuta kwa udi na uvumba. Mganga mkuu wa wilaya anayepokea barua ya daktari wake kuhusu zamu ya mtu mmoja ana njia mbili: kumwita ajieleze, au kuipeleka barua hiyo juu ikiwa na saini yake mwenyewe. Njia ya pili haihitaji bajeti.

Mwanafunzi wangu alihitimu mwaka uliofuata. Siku ya mahafali mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumwokoa mwanawe. Nilimwambia sikufanya lolote, na kwamba aliyestahili shukrani ni daktari mmoja kijana na rafiki yake. Akaniomba nimpeleke akamwone. Nilipouliza hospitalini, niliambiwa mkataba wake ulikwisha naye akaondoka. Hakuna aliyejua alikokwenda. Jengo bado lipo na maandishi yake hayajafifia.

Basi siku utakapokutana na daktari wa dharura, usimwite shujaa. Muulize mambo mawili: usiku ukikwama, unampigia nani? Na asubuhi ukiona kilichomuua mgonjwa wako kilianzia nje ya hospitali, unamwandikia nani, na nani atasimama nawe ukishaandika? Akikosa jibu, ujue kwamba siku utakapofikishwa wewe mlangoni kwake, naye atakuwa peke yake.